Mmoja Aliyekuwa Wengi: Salamanda na Vyura wa Asia ya Mashariki

Mwaka 1726 daktari mmoja wa Zurich, Johann Jakob Scheuchzer, aliutangazia ulimwengu kwamba amepata mabaki ya mwenye dhambi aliyezama katika gharika ya Nuhu. Ilikuwa mifupa iliyogeuka jiwe, yenye urefu wa karibu mita moja, kutoka machimbo ya Öhningen karibu na Ziwa Constance. Fuvu pana, matundu mawili ya macho, uti wa mgongo: Scheuchzer hakuhitaji ushahidi zaidi. Baadaye wasomi walibishana, hata mmoja akasema huyo ni kambare. Jiwe lenyewe liliuzwa likafika Makumbusho ya Teyler mjini Haarlem, Uholanzi, na mwaka 1811 akaja Georges Cuvier kutoka Paris. Aliweka kando yake mchoro wa mifupa ya salamanda, kisha akaanza kulikwangua pale alipoamini mikono ya mbele imefichika. Mikono ikatokea, nayo haikuwa ya binadamu.

Kinachonivutia mimi katika kisa hiki si kosa la Scheuchzer. Ni kwamba wakati maprofesa wa Ulaya wanagombana juu ya jiwe, wanavijiji wa milima ya magharibi ya Japani walikuwa wakimvua ndugu wa salamanda huyo akiwa hai, na kumpika. Huko walimwita hanzaki au osanshouo, wakimjua vizuri kwa kinywa chake kipana, ngozi yenye mabaka na utelezi, na harufu kali kama ya pilipili anayoitoa akikamatwa. Elimu ya Ulaya ilichukua miaka mia moja baada ya Scheuchzer kumfikia mnyama ambaye watu wengine walikuwa naye mtoni siku zote.

Aliyemfikisha ni Philipp Franz von Siebold, daktari Mjerumani aliyefanya kazi katika kituo cha Waholanzi cha Dejima, Nagasaki. Mwaka 1826, katika msafara wa kwenda mji wa Edo kumsalimu shogun, mtawala wa kijeshi wa nchi, alipata nafasi adimu ya kuona sehemu za ndani za Japani na kukusanya mimea na wanyama. Miaka mitatu baadaye alifukuzwa nchini kwa kukutwa na ramani za siri, lakini salamanda wake alifika Uholanzi akiwa hai mwaka 1830. Coenraad Temminck wa Leiden akamweleza kisayansi mwaka 1836, na mwaka uliofuata Johann Jakob von Tschudi akaunda jenasi ya Andrias, yaani sanamu ya mtu, kwa kumkumbuka yule mwenye dhambi wa Öhningen. Salamanda wa Siebold hakuwa na haraka: aliishi katika bustani ya wanyama ya Amsterdam hadi 1881.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki huenda kiumbe huyu anahitaji kutambulishwa, kwa sababu kusini mwa Sahara hakuna salamanda hata mmoja wa asili. Sisi tuna vyura kwa wingi, na wale amfibia wasio na miguu wanaoishi ardhini. Salamanda ni ukoo wa tatu: ana mkia maisha yake yote, na miguu minne mifupi. Wengi wao wanaenea kwenye kiganja cha mkono. Hawa wa jenasi ya Andrias wanapita kawaida hiyo kwa mbali. Wa Japani hufikia karibu mita moja na nusu. Wa China wameripotiwa kufika mita 1.8. Ndugu yao pekee mwingine aliye hai yuko kwenye mito ya Marekani, na ni mdogo zaidi.

Mnyama mkubwa namna hiyo anawezaje kukaa chini ya maji bila matamvua? Aliyekomaa ana mapafu, lakini hayategemei sana. Hupumua kwa ngozi, na ndiyo maana mbavuni ana mikunjo mirefu inayoongeza eneo la ngozi linalogusana na maji. Kwa hiyo anahitaji mto wa baridi, unaokwenda mbio na wenye oksijeni nyingi. Maji yakisimama na kupata joto, naye yuko mashakani. Macho yake ni madogo na hayaoni vizuri. Usiku hukaa akisubiri, na samaki, kaa au chura akipita karibu na mdomo, hufungua taya ghafla na maji huingia kwa kasi pamoja na mlo.

Uzazi wake ndio unaostaajabisha. Mwishoni mwa Agosti dume mkubwa hushika pango lenye mlango chini ya maji, ukingoni mwa mto, na Wajapani humwita nushi, mwenye nyumba. Majike huingia kutaga nyuzi za mayai mamia kwa mamia, na dume huyarutubisha nje ya mwili, kama wafanyavyo vyura wengi lakini si salamanda wengi. Kisha jike huondoka. Dume hubaki kwa miezi, akipepea mkia ili maji yenye oksijeni yafike kwenye mayai, na kula yaliyokufa au kushikwa na kuvu ili maradhi yasienee. Watoto hutoka pangoni baada ya majira ya baridi kali kwisha, au yakiwa yanaelekea ukingoni. Sasa fikiria mto huohuo ukijengwa kingo za zege kuzuia mafuriko, na kuta ndogo kila baada ya mita mia chache kwa ajili ya umwagiliaji. Mapango yanatoweka, na dume anayepanda mto kutafuta nyumba anakuta ukuta asioweza kuupanda. Japani ilimtangaza kuwa kumbukumbu maalumu ya asili mwaka 1952, daraja la juu kabisa, na ni marufuku kumgusa bila kibali. Sheria ilimlinda yeye. Nyumba yake ilisahauliwa hadi wahifadhi walipoanza kujenga ngazi na mapango ya bandia kwenye baadhi ya mito.

China ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1871 Émile Blanchard wa Paris alieleza salamanda mkubwa wa China na kumpa jina la padri Armand David, yule aliyewajulisha wanasayansi wa Ulaya kuhusu panda. Mwaka 1924 Edward Boulenger akadai kuna mwingine tofauti, akitumia mnyama aliyetoka Hong Kong na kuwekwa katika bustani ya wanyama ya London. Dai lake lilitupwa. Kwa miongo kadhaa vitabu vikasema China nzima, kuanzia Mto Manjano hadi milima ya kusini, ina spishi moja tu, Andrias davidianus.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo msiba ulipoanzia, kabla hata ya wawindaji. Nyama ya salamanda ilipogeuka kuwa mlo wa matajiri, mashamba ya kuwafuga yalienea kwa kasi, hasa mkoani Shaanxi, na mamilioni wakazaliwa kwenye matangi. Wafugaji walichukua mbegu kutoka mtoni popote walipoipata. Baadhi ya waliofugwa waliachiliwa mitoni kwa nia njema kabisa: mto umeishiwa, rudisheni salamanda. Kama wote ni spishi moja, kuna ubaya gani?

Mwaka 2018 majibu mawili yalitoka kwa pamoja. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba huyu mmoja alikuwa angalau koo tano zilizotengana kwa mamilioni ya miaka, kila moja na mfumo wake wa mito. Na wachunguzi waliopita maeneo 97 nchini China walikuta salamanda kwenye maeneo manne tu, nao wakiwa na vinasaba visivyolingana na mahali walipokutwa, dalili kwamba walitoka mashambani. Mwaka 2019 Samuel Turvey na wenzake walipima vielelezo vya zamani vya makumbusho na kumrudishia Boulenger heshima yake: Andrias sligoi ni spishi kweli. Kielelezo walichotegemea ni yuleyule wa Hong Kong, aliyekaa London miaka 20 kabla ya kufa na kuhifadhiwa. Mwaka 2022 ikaongezwa Andrias jiangxiensis, kutoka hifadhi ya Jiulingshan mkoani Jiangxi, ambako bado wanazaana porini. Mwaka 2023 Andrias cheni, kutoka milima ya Huangshan. Spishi zinatambuliwa wakati zimekwisha kuchanganywa tangini.

Vyura wa ukanda huohuo wana visa vya namna hii, ila vimekwenda kimya zaidi. Mwaka 1980 Mitsuru Kuramoto alieleza chura wa miti wa Suwon, Korea, ambaye kwa macho hutofautiana kidogo sana na chura wa miti wa kawaida anayeishi naye kwenye majaruba ya mpunga. Wanaojua huwatenganisha kwa sikio, maana mlio wa dume wa Suwon ni wa taratibu na wenye sauti kama ya chuma. Majaruba yakigeuzwa nyumba na maghala, anayehesabu kwa macho ataona vyura bado wamo. Huko visiwa vya Ryukyu, chura wa Ishikawa, wa kijani chenye madoa ya dhahabu, aligawanywa mwaka 2011: wa Okinawa akabaki na jina la zamani, wa Amami akapewa jina jipya. Kila mmoja sasa ana kisiwa kimoja tu.

Asia ya Mashariki pia imetoa kitu kilichotufikia huku. Kuvu wa ngozi aitwaye kitridi, aliyemaliza vyura katika mabara kadhaa, alifuatiliwa kwa vinasaba na matokeo ya mwaka 2018 yakaelekeza chimbuko lake rasi ya Korea. Vyura wa kwao humbeba bila kudhurika sana. Biashara ya amfibia ikamsafirisha. Watanzania wanamjua kupitia Kihansi: bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko mwaka 2000, chura mdogo wa Kihansi alipoteza manyunyu aliyoyategemea, na mwaka 2003 waliosalia walikufa kwa wingi huku kuvu huyo akikutwa kwao. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliozalishwa Marekani walianza kurudishwa mwaka 2012. Kuvu wa pili, anayeshambulia salamanda na mwenye asili ya Asia, alitambuliwa Uholanzi mwaka 2013 baada ya salamanda wa huko kukaribia kwisha.

Turudi Japani, mjini Kyoto, maana hakuna mahali ambapo mkanganyiko wa majina umefika mbali kama ulivyofika katika Mto Kamo, unaopita katikati ya mji huo. Salamanda wa China waliingizwa Japani miaka ya 1970 kwa ajili ya kuliwa, na baadhi wakaishia mtoni. Masafumi Matsui wa Chuo Kikuu cha Kyoto na wenzake walipopima vinasaba, walikuta machotara wamejaa, na wa Japani halisi wamebaki wachache. Kwa macho huwezi kuwatenganisha kwa uhakika. Salamanda wa Japani akikamatwa hurudishwa mtoni kwa amri ya sheria; chotara, tangu Julai 2024, amewekwa na sheria nyingine kwenye orodha ya viumbe vamizi na ni marufuku kumwachilia. Ni lazima kwanza apimwe. Uchungu wa jambo hili ni kwamba baba au babu wa chotara huyo ni mnyama ambaye kwao China karibu hapatikani tena porini. Waliokamatwa Kyoto wanawekwa kwenye matangi, na salamanda wa aina hii, kama alivyoonyesha wa Siebold, anaweza kuishi zaidi ya miaka 50.