Dirisha la Plastiki Lilipoikosesha Porsche Daraja

Wasomaji, leo tuziache kompyuta kidogo. Mwaka 1967 Porsche iliunda 911 R: madirisha ya pembeni ya plastiki, uzito kama kilo 800. Jepesi kweli! Lakini sheria za GT zilidai yaundwe magari 500. Yalitoka karibu 20 tu, yakakosa daraja hilo. Carrera RS ya 1973 ikaja na kioo chembamba, yakaundwa zaidi ya 1,500, ikakubaliwa.

Ndiyo maana kwenye mbio za magari ya kale swali ni hili: je, dirisha hili liliidhinishwa enzi zake? Sisi waandishi wa programu twalijua hilo. Ukibadilisha mstari mmoja kimyakimya, hilo si toleo lile tena, hata likibaki na jina lake.