Waya Unapitia kwa Nani?

Ukitaka kuhama kampuni ya faiba Nairobi hutakosa washauri. Mwenzako wa kazi atakwambia yake haijazima tangu Krismasi. Binamu yako atakwambia kampuni hiyo hiyo ilimtesa mwezi mzima hadi akarudi kwa bando za simu. Wote wanasema ukweli, na ndiyo maana ushauri wao haukunifaa. Mimi hula kwa intaneti: nasikiliza rekodi za mahojiano na kuziandika neno kwa neno, na kila kazi ina saa yake ya kuwasilisha. Saa ikipita, pesa zimeenda. Kwa hivyo kabla ya kuhama nilitaka kujua huu waya ulioingia sebuleni kwangu Roysambu unapitia kwa nani mpaka ufike. Nikajipata nasoma historia.

Waya wa kwanza kufika pwani yetu chini ya bahari haukuwa wa intaneti. Mwaka 1879 Waingereza walilaza waya wa telegrafu kutoka Aden hadi Zanzibar, na kabla ya karne hiyo kuisha Mombasa nayo ikaunganishwa na Zanzibar. Yaani tulikuwa na waya baharini kabla ya reli. Lakini enzi ya simu za kimataifa ilipofika, Kenya iliangalia juu. Kituo cha setelaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970, na kwa karibu miaka 40 maneno yetu mengi ya kwenda ng'ambo yalipanda angani kwanza.

Setelaiti za aina hiyo ziko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Swali linapanda, linashuka upande wa pili. Jibu linapanda, linashuka kwako. Hapo umeshapoteza kama nusu sekunde hata mitambo yote ikiwa sawa. Bei nayo ilikuwa ya kutisha: maelfu ya dola kwa mwezi kwa megabiti moja tu, ambayo leo hata simu ya mtoto inaidharau. Ndiyo maana saiba zilikuwa zikitoza kwa dakika. Shangazi yangu anasimulia jinsi alivyokuwa akiandika barua pepe zake kwenye karatasi nyumbani, kisha anaenda mjini kuzipiga chapa mbio mbio kabla saa haijamla pesa.

Intaneti yenyewe iliingia katikati ya miaka ya 90, na mlango wake wa kutokea nje ulikuwa mmoja. Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa mwaka 1999, Telkom Kenya ilibaki na haki ya kipekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa kwa miaka mitano. Njia yake iliitwa Jambonet. Kampuni iliyokuuzia intaneti, kisheria, ilikuwa imenunua njia hapo kwanza. Ungehama kampuni mara kumi na bado ungepita Jambonet.

Kuna kisa kimoja cha wakati huo ambacho nashangaa hatukukisoma shuleni. Ukiwa Westlands na rafiki yako akiwa South B, kila mmoja kwa kampuni yake, barua pepe yako kwake ilikuwa inaondoka nchini, inafika Marekani au Ulaya, halafu inarudi Nairobi. Kampuni za intaneti zikaona huu ni wazimu. Mwishoni mwa mwaka 2000 zikaanzisha KIXP, kituo cha kubadilishana data hapa hapa Nairobi: kila kampuni ilete waya wake kwa chumba kimoja, ya hapa ibaki hapa. Kituo kilifanya kazi kama wiki mbili. Telkom ikalalamika kwamba haki yake imevunjwa, na tume iliyosimamia mawasiliano ikaamuru kifungwe. Fikiria hilo polepole: ilikuwa kosa kwa barua ya Nairobi kwenda Nairobi bila kupitia ng'ambo. Wenye kampuni, ambao kwa kawaida hawapatani, walipigana pamoja, na kituo kikafunguliwa tena mwaka 2002, safari hii kikiwa na leseni.

Kisha tukarudi baharini. Nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kusini zilikuwa zikizungumza kuhusu mkongo mmoja wa pamoja, EASSy, na mazungumzo hayakuisha. Kenya ikachoka kungoja, na pia haikutaka ufunguo ukae mikononi mwa wengine, hasa Afrika Kusini. Bitange Ndemo, aliyekuwa Katibu wa Wizara ya Habari, alisukuma mpango wa Kenya yenyewe: mkongo kutoka Mombasa hadi Fujairah, katika Milki za Kiarabu. Uliitwa TEAMS, na ulifika Mombasa Juni 2009. Mwezi uliofuata SEACOM, mkongo wa watu binafsi, ukawashwa. EASSy ikafuata mwaka 2010.

Sasa sikiza sehemu iliyonifanya nicheke peke yangu saa sita usiku. TEAMS haikumilikiwa na serikali peke yake. Waliponunua hisa, walikuwemo Safaricom, Telkom, Wananchi walioanzisha Zuku, na Jamii wenye Faiba. Hao hao ambao vijana wao wenye tisheti za rangi wanabishana kwenye geti la mtaa wako, kila mmoja akikwambia wa pale hawezi kitu. Huko chini ya maji walichanga pesa kama chama.

Kuwa na mkongo zaidi ya mmoja kulisaidia, ila si kila siku. Februari 2012 meli ilitia nanga mahali ilipokatazwa karibu na Mombasa, ikakata TEAMS, wakati mikongo mingine ilikuwa tayari imekatika katika Bahari ya Shamu. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja kusini, karibu na Afrika Kusini, na siku hiyo watu wengi hapa walizima na kuwasha ruta bure. Siku kama hizo, kuhama kampuni hakukuokoi sana. Mwenye afadhali ni yule ambaye kampuni yake imekodi nafasi kwenye mikongo kadhaa, na hilo halijaandikwa kwenye bango lolote la ofa. Nimewauliza mawakala watatu. Mmoja aliniambia wao hutumia "bahari yote."

Lakini siku za nanga ni chache. Kwa wiki sita niliandika kwenye daftari kila mara intaneti yangu ilipozima. Ruta nyingi za faiba zina taa nyekundu iliyoandikwa LOS. Ikiwaka, maana yake mwanga haufiki kwako, waya umeguswa mahali karibu. Isipowaka na bado huna kitu, shida iko mbele zaidi. Nilihesabu mara 13. Mara 4 ilikuwa stima ya mtaa. Mara 2 mtaa mzima ulikuwa umezimika. Mara 7 taa nyekundu iliwaka, na ni ploti yetu peke yetu. Bahari haikuwa na hatia hata siku moja.

Ploti yetu ina nyumba 24. Kwa kawaida waya mmoja wa faiba unatoka mtaani, unaingia kwenye kigawanyo kidogo cha kioo, kisha unagawanyika kwa nyumba 32 au hata 64. Chetu kiko kwenye boksi chini ya ngazi, karibu na mita za maji. Kila mpangaji mpya akiunganishwa, fundi anafungua boksi hilo, na mara nyingine akitoka ameacha waya wa mtu mwingine unaning'inia. Hapo ndipo pesa zangu zilikuwa zikipotelea. Unapiga simu, unaambiwa fundi atakuja ndani ya saa 48, na mteja wangu hajui saa 48 ni nini.

Nikaita kampuni nyingine. Keateka akawarudisha getini. "Dada, hao hawaruhusiwi kupanda hapa," akaniambia, kwa upole, kama mtu anayenihurumia. Kampuni ya kwanza ilipoingia ilipiga mabomba ya kupitisha waya na kupaka ngazi rangi, na landilodi akakubali iwe peke yake.

Tangu Aprili 2011 Mkenya anaweza kuhama kampuni ya simu na kubaki na nambari yake. Waliotumia nafasi hiyo walikuwa wachache, lakini haki ipo. Faiba haina nambari ya kubeba. Unachohitaji ni ukuta na ngazi, na hivyo ni vya mtu. Hata Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023 na kuturudisha angani (safari hii kilomita 550 hivi tu), inataka paa, na paa la ploti ni la nani?

Nilienda kumwona Mzee mwenyewe, Jumamosi mchana. Sikumletea hotuba. Nilimpa daftari. Alilisoma lote, kisha akanionyesha ploti ya jirani, ambapo kampuni nne zimeingia na ukuta wa mbele umekuwa kama nyavu za samaki. Hapo alikuwa na haki, na nikamwambia hivyo. Aliniuliza ni nyumba ngapi zinataka. Sikuwa na jibu, kwa hivyo nikaanza kupanda ngazi nikibisha mlango mmoja mmoja. Nyumba 9 zilitia sahihi. Mama Brayo wa ghorofa ya pili alikataa, akasema yeye intaneti yake ni mtoto wake atoke shule na simu. Wanafunzi wa chini walitia sahihi mara mbili.

Tumekubaliana hivi: kampuni ya pili itapitisha waya kwenye mabomba yaliyopo, itaweka boksi lake kwenye ghorofa ya kwanza mbali na lile la zamani, na Mzee hatapakwa ukuta wowote bila ruhusa. Waya wao utatoka nguzo ya upande ule mwingine wa barabara, kwa hivyo fundi wa huyu hana sababu ya kugusa wa yule. Kasi ni ile ile, bei ni shilingi mia chache zaidi kwa mwezi. Baharini huenda wanapita mahali pamoja, na sijali.

Mafundi wanakuja Jumanne. Kampuni ya zamani nimeilipa mwezi mmoja zaidi, ruta mbili zikae mezani na daftari katikati. Keateka ameshaniambia ufunguo wa boksi jipya utakaa kwake.