Mtungi, Chupa na Saa ya Dola: Historia ya Udhibiti wa Vileo katika Gitega na Muyinga, Burundi

Katika mijadala ya sheria za vileo Afrika Mashariki, swali linaloulizwa kwanza ni baa ifungwe saa ngapi. Makala haya yanadai kwamba kwa Burundi, hususan Gitega na Muyinga, swali hilo limetanguliwa na jingine la kale zaidi: saa ya kunywa ni mali ya nani? Anayetaka kurekebisha sheria zilizopitwa na wakati bila kulijibu hilo la pili atabadilisha tarakimu tu, saa tatu iwe saa tano, na kabare itabaki ilivyokuwa.

Pombe ya ndizi, urwarwa, na ya mtama, impeke, hazikuwahi kuwa na leseni katika Burundi ya wafalme, lakini hazikuwa holela. Ndizi huivishwa shimoni kwa siku kadhaa, hukamuliwa kwa nyasi, huongezwa maji, kisha hutiwa unga wa mtama ili zichachuke. Baada ya siku chache tu kinywaji hicho huharibika. Kwa hiyo mtungi wenyewe ndio uliopanga wakati: ukiiva, watu huitwa, ukiisha, hutawanyika. Shughuli nazo zilikuwa na kauli yake, yaani mahari, mavuno na usuluhishi. Bashingantahe, wazee waamuzi wa kilimani, walipewa pombe ya shukrani baada ya kumaliza shauri, na mtu hakutawazwa kuwa mmoja wao bila kuwanywesha majirani zake. Kunywa pamoja kulikuwa ushahidi wa hadharani. Aliyekunywa peke yake, gizani, alitiliwa shaka kabla hajalewa.

Sheria za kikoloni hazikuuona utaratibu huo. Mkataba Mkuu wa Brussels wa 1890, na baadaye ule wa Saint-Germain-en-Laye wa Septemba 10, 1919, ililenga pombe kali za biashara zilizoingizwa Afrika na Wazungu. Kifungu cha 22 cha Mkataba wa Shirikisho la Mataifa kiliitaja biashara ya pombe sambamba na utumwa na silaha. Gitega, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1912 kama kituo cha utawala, ikawa makao ya Mbelgiji aliyeisimamia Urundi. Na tangu sheria ya Agosti 21, 1925 nchi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji, hata kanuni nyingi zikaja zimekwisha kuandikwa kwa ajili ya mahali pengine. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Kunereka kulipigwa marufuku, na kanyanga ikazaliwa ikiwa tayari ni kosa. Mtungi wa urwarwa, uliokuwa katika kila boma, ukabaki nje ya macho ya sheria.

Badiliko kubwa lilikuja na chupa. Brarudi ilianzishwa mwaka 1955, na bia ya Primus ikawa kinywaji cha mshahara, cha karani na cha askari. Tofauti na urwarwa, bia ya chupa hungoja. Inaweza kukaa ghalani wiki nzima na kuuzwa saa nane usiku kama ilivyouzwa adhuhuri. Hapo ndipo saa ya ukutani ilipopata maana, kwa kuwa kilichokuwa kikipangwa na uchachu sasa kilihitaji kupangwa na amri. Dola nalo halikuwa mwamuzi asiye na upande: lina hisa katika kampuni hiyo, na kodi ya bia ni miongoni mwa mapato yake makubwa. Mkono unaofunga mlango wa kabare ndio unaohesabu makreti.

Hata hivyo, kwa zaidi ya miongo mitatu usiku wa Warundi haukuamuliwa na sheria ya vileo. Amri ya kutotoka nje kuanzia usiku wa manane, iliyowekwa wakati wa mauaji ya 1972, iliondolewa Aprili 2006. Kizazi kizima kilikua kikijua kwamba kabare hufungwa kwa sababu ya bunduki. Chini ya Jean-Baptiste Bagaza, katika miaka ya 1980, dola lilibana hata ibada za siku za kazi. Saa za mchana zilihesabiwa kuwa za uzalishaji, na raia akawajibika kuzieleza. Amri za watawala wa mikoa na tarafa zinazofunga kabare saa za kazi, au Jumamosi asubuhi wakati wa ibikorwa rusangi, zinarithi mantiki hizo mbili: usalama na kazi. Afya ya mnywaji, ambayo ndiyo hoja kuu ya warekebishaji wa leo, huja nyuma sana.

Majirani wamechukua njia tofauti. Sheria ya Kenya ya 2010 iliruhusu baa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Tanzania ilipiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017. Rwanda, kuanzia Septemba 2023, iliweka mwisho saa saba usiku, na saa nane Ijumaa na Jumamosi. Muyinga haiwezi kuzipuuza kanuni hizo, kwani barabara yake inafika Kobero, na ng'ambo ni Tanzania. Dereva wa lori anayesubiri karatasi za forodha hana saa za kazi kwa maana aliyoikusudia mtawala wa tarafa. Tena mji huo una jumuiya kubwa ya Waislamu, ambao kwao suala la kabare jirani halianzi na saa. Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu uamuzi wa Desemba 2018, ina shida nyingine: maofisa, wageni na mikutano vimeongezeka katika mji uliozoea kulala mapema.

Muuza urwarwa yumo katika miji yote miwili, na ndiye anayeumizwa zaidi na saa zisizobadilika. Akifungiwa siku mbili, mwenye kreti hupoteza faida. Yeye hupoteza mtungi. Marekebisho yanayomweka katika mizani moja na muuza chupa hayamtendei haki, hata kama maandishi yake ni mapya. Kwa ugawaji mpya wa nchi wa mwaka 2025, Muyinga imeingizwa katika mkoa wa Buhumuza na tarafa 119 za Burundi zimepunguzwa kuwa 42. Saa zilizowekwa kwa amri za tarafa zilizounganishwa sasa zinapaswa kutangazwa upya na watawala wengine, au ziachwe zife.