Bulabo: Kabla ya Harambee Kulikuwa na Jembe na Ngoma



Kila mwaka mvua zinapokatika na pamba kuanza kufunguka mashambani, sisi tulio mbali na nyumbani huanza kupigiwa simu: "Bulabo mnakuja?" Aliyewahi kufika hahitaji kuelezwa. Ngoma huanza kusikika kabla uwanja haujaonekana, na mtu aliyekuwa anatembea taratibu hujikuta ameongeza mwendo. Katika kijarida cha mwaka huu tumeona tuandike historia ya sherehe hii, kwa sababu vijana wetu wengi waliozaliwa mijini wanaijua kwa picha tu, na kwa sababu ndani yake mna somo linalohusu chama chetu moja kwa moja.

Ngika na Gumha

Wazee wanasimulia kwamba katika karne ya 19 Usukumani waliishi mafundi wawili wa ngoma, Ngika na Gumha. Kila mmoja alidai kuwa ndiye mchezaji bora, na kila mmoja alitafuta dawa ya kuvuta watu kuliko mwenzake. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wa Gumha wakaitwa Bagalu. Tangu hapo vikundi vingi vya ngoma Usukumani vimejipanga upande mmoja au mwingine, na mtu hurithi upande wake nyumbani kama mtoto wa mjini anavyorithi Simba au Yanga kwa baba yake.

Sheria ya mashindano yao ni rahisi. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Kijadi hakuna jaji mwenye karatasi na kalamu. Watazamaji ndio waamuzi. Wanaokuvutia unawafuata, na wenye umati mkubwa ndio washindi. Basi mtu mmoja akihama kutoka upande huu kwenda ule, amepiga kura kwa miguu yake. Ndiyo maana kila kikundi huja na jambo la kushangaza: Bayeye na Bagoyangi huleta nyoka, Banunguli huja na mambo ya uwindaji wa nungunungu, wengine hubeba vinyago au kufanya viini macho ambavyo siri yake haitoki nje ya kikundi.

Maandalizi yalianzia shambani

Jambo ambalo mgeni uwanjani halioni ni kwamba vikundi hivi vilikuwa pia vikundi vya kulima. Kila kijiji kilikuwa na vijana waliojiunga kufanya kazi pamoja, chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Mwenye shamba kubwa aliwaalika, nao wakaja na majembe na ngoma. Ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, aliimba, wengine wakaitikia, na majembe yakashuka kwa pamoja. Aliyechoka alibebwa na mdundo. Aliyetegea kazi alijua jina lake linaweza kuingia kwenye wimbo, na wimbo wa namna hiyo ulifika vijiji vya mbali kabla yake.

Bugobogobo, ngoma ya majembe inayojulikana leo nchi nzima, ilizaliwa katika kazi hiyo. Kijana anayerusha jembe juu na kulidaka bila kukosa mdundo anaonyesha uwanjani kile ambacho wakubwa wake walikifanya kwenye matuta ya mihogo na mashamba ya pamba.

Malipo ya kulima yaliwekwa pamoja. Mwenye shamba alitoa ng'ombe, mbuzi au nafaka, na kikundi kikala na kucheza baada ya mavuno. Hivyo sherehe ya msimu wa kiangazi ililipiwa kwa jasho la masika. Hakuna aliyefadhili ngoma ile kutoka nje. Waliolima ndio waliocheza. Watu waliozoea kufanya mambo kwa namna hiyo hawakushangaa ushirika ulipokuja. Mwaka 1955, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walipounda shirikisho lao la vyama vya ushirika, ambalo Paul Bomani alikuwa mstari wa mbele kulijenga, wazo la kuweka nguvu pamoja na kugawana faida lilikuwa na mizizi tayari.

Padre Clement na uwanja wa Bujora

Katika miaka ya 1950 alifika Bujora padre Mkanada wa shirika la White Fathers, David Clement, ambaye wazee walimpa jina la Fumbuka. Wakati ule wamisionari wengi waliiona ngoma kuwa jambo la kipagani, na Mkristo aliyeonekana kwenye ngoma aliweza kuadhibiwa. Fumbuka alichagua njia nyingine. Alijifunza Kisukuma, akakaa na wazee, akajenga kanisa la mviringo lenye alama za nyumba ya mtemi, na akaruhusu ngoma na nyimbo za Kisukuma ziingie ibadani.

Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo huadhimishwa siku chache baada ya Pentekoste, mara nyingi mwezi wa sita, wakati mavuno yapo na njia zimekauka. Waumini huandamana na maua, na Bulabo ni jina linalotokana na maua hayo. Bagika na Bagalu wakakaribishwa kushindana baada ya maandamano, na mwaka hadi mwaka sherehe ya kanisa ikawa sherehe ya Wasukuma wote, wa dini zote na wasio na dini.

Hapo hapo Bujora yakakusanywa makumbusho. Utawala wa watemi ulipofutwa mwaka 1963, ngoma za kitemi, viti na mavazi ya enzi vingeweza kupotea. Vingi vilipata hifadhi katika jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na tunaweza kuwaonyesha watoto wetu hadi leo. Padre Clement alifariki mwaka 1986, lakini uwanja haujanyamaza.

Tunachojifunza, na tunachoomba

Ukitazama Bulabo kwa siku moja utaona vumbi, njuga na vicheko. Ukiitazama kwa mwaka mzima utaona ngozi za ng'ombe zinazowambwa upya, mavazi yanayoshonwa, vijana wanaofanya mazoezi jioni baada ya kazi, na kina mama wanaopika kwa ajili ya wageni wasiowajua. Leo trekta na dawa za magugu vimepunguza kulima kwa ngoma, na vijana wengi wako mijini kama sisi. Kikundi kisicholima pamoja hakina tena mfuko wake, na ngoma moja kubwa ya mti na ngozi ni gharama kwa kijana asiye na kipato.

Kwa hiyo harambee ya mwaka huu ina mambo mawili. Sehemu kubwa ya fedha itajenga vyoo vya shule ya msingi nyumbani, kwa sababu mtoto wa kike hawezi kusoma kwa utulivu bila choo. Sehemu ndogo itanunua ngoma na majembe kwa kikundi cha vijana wa shule hiyo, ili nao wapate uwanjani nafasi ambayo tuliirithi bila kuilipia.

Tutachangishana kwa desturi yetu. Meza zitapangwa pande mbili, Bagika upande mmoja na Bagalu upande wa pili. Usiyejua upande wako, piga simu nyumbani uulize kabla ya siku. Upande utakaochangia kidogo utawahudumia wenzao chakula, na hakuna rufaa. Mwenye nacho aje na fedha, asiye nacho aje mwenyewe, kwani katika ngoma yetu idadi ya waliosimama nawe ndiyo ushindi.