Utambuzi wa Kiuguzi

Katika mpango wa huduma ya mgonjwa, mwanafunzi wa uuguzi hukwama zaidi kwenye safu ya pili. Ya kwanza ni ya taarifa: amepima joto, amehesabu pumzi, amemsikiliza mama wa mtoto. Ya pili inadai utambuzi wa kiuguzi. Wengi huandika "nimonia", na mkufunzi hulikata jina hilo.

Nimonia ni utambuzi wa daktari, unataja ugonjwa. Utambuzi wa kiuguzi unataja namna hali hiyo inavyomwathiri mgonjwa, katika jambo ambalo muuguzi ana ujuzi na mamlaka ya kulishughulikia. Mwaka 1973 wauguzi walikutana St. Louis, Marekani, kuanza kuainisha tambuzi hizo. Mwaka 1982 kikaundwa chama cha NANDA, kinachojulikana kwa orodha yake ya tambuzi.

Kwa Kiswahili, neno "uaguzi" nalo lingeweza kutumika badala ya "utambuzi". Ni fupi, lakini kuagua humkumbusha msikilizaji mganga na ramli yake, tena neno hilo linatofautiana na "uuguzi" kwa irabu moja tu. "Utambuzi" linafaa zaidi, kwa kuwa kutambua ni kukijua kitu kwa alama zake, na alama ndizo mwanafunzi anazotakiwa kuzionyesha.

Utambuzi uliokamilika una tatizo, chanzo na ushahidi. Kwa mtoto wa miezi 10 mwenye nimonia, mwanafunzi ataandika: "Njia ya hewa haisafishiki vizuri kutokana na makohozi mazito, kama inavyodhihirishwa na kukoroma na pumzi 58 kwa dakika." Katika umri huo, pumzi 50 au zaidi kwa dakika huhesabiwa kuwa za haraka.

Sentensi hiyo ndiyo inayozaa safu zinazofuata. Ushahidi unazaa lengo: "Ndani ya saa 24, pumzi zitashuka chini ya 50." Kuandika "mtoto apate nafuu" hakutoshi, maana hakuna cha kupima. Chanzo kinazaa vitendo: kumlaza mtoto kichwa kikiwa kimeinuliwa, kumnyonyesha kidogo kidogo mara kwa mara, kumpa dawa alizoandikiwa, kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Tathmini hurudi kwenye lengo na kuuliza kama limefikiwa.

Watoto wawili wodini wanaweza kuwa na nimonia ileile. Mmoja amezidiwa na makohozi, mwingine amekataa kunyonya na anaishiwa maji. Daktari atawaandikia jina moja la ugonjwa. Muuguzi hawezi kuwaandikia mpango mmoja. Ndiyo maana mpango ulionakiliwa kutoka kitabuni au kwa mwenzake haumfundishi mwanafunzi kitu, hata ukiwa na maneno sahihi. Wakufunzi na watunzi wa vitabu wasiyadondoshe maneno "wa kiuguzi" kwa ajili ya ufupi: ndiyo yanayomwambia mwanafunzi kwamba hapa anadaiwa hoja yake mwenyewe kuhusu mgonjwa aliye mbele yake.