Uanuwai wa Vinasaba vya Mikarafuu ya Pemba na Uteuzi wa Miti Mama

Mkarafuu, zao kuu la biashara kisiwani Pemba, asili yake ni visiwa vya Maluku nchini Indonesia. Mwaka 1770 msafara uliotumwa na Mfaransa Pierre Poivre ulichukua miche huko na kuipeleka Mauritius. Mwanzoni mwa karne ya 19 zao hilo liliingia Zanzibar. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ikawa mzalishaji mkuu.

Kwa kuwa miche iliyovuka bahari ilikuwa michache, mikarafuu ya Zanzibar imetokana na wazazi wachache. Aidha, ua la mkarafuu huweza kujichavusha lenyewe, hivyo miche mingi hufanana sana na mti mama. Miti inayofanana kwa vinasaba hufanana pia kwa udhaifu. Katika karne ya 20 ugonjwa wa kifo cha ghafla uliua mikarafuu mingi mikubwa ya Zanzibar, na hasara ya namna hiyo huwa kubwa zaidi shamba linapokuwa la nasaba moja.

Hata hivyo, mikarafuu mikongwe inayoendelea kuzaa katika vilima vya magharibi mwa Pemba imekwishapita mchujo wa udongo, ukame na maradhi ya kisiwa hicho. Miti hiyo ndiyo hazina ya kuboresha zao.

Hazina hiyo haiwezi kuwekwa ghalani. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, na iliyochumwa haitoi mbegu. Mbegu hupatikana katika matunda yaliyoachwa mtini hadi yakaiva, nayo ikikauka haioti tena. Kwa hiyo uanuwai wa mikarafuu huhifadhiwa katika miti hai pekee, na mti bora ukikatwa bila kuachiwa miche, nasaba yake hupotea.

Kwa sababu hiyo, kitalu kinachotegemea matunda ya mti mmoja huzalisha ndugu watupu. Inafaa mbegu zikusanywe kutoka miti mingi ya mashamba mbalimbali, ichaguliwe ile yenye afya na mavuno mazuri kwa misimu kadhaa, na zipandwe mara baada ya kuvunwa. Mti bora usichumwe wote. Baadhi ya matawi yaachwe yazae matunda, kwani mkarafuu unaopandwa leo utachumwa na vizazi vijavyo.