Tanzanite: jiwe la Mirerani lililopewa jina New York

Mwaka 2027 itatimia miaka 60 tangu mawe ya buluu ya Mirerani yaanze kujulikana nje ya tambarare za Simanjiro. Hotuba zitatolewa, maonyesho ya vito yatafanyika, wageni watapigwa picha wakiwa na vidani shingoni. Kabla hotuba hizo hazijaandikwa, tukumbushane jiwe hili lilipatikanaje na nani aliliokota mwanzo, maana ukiuliza swali hilo Arusha utapewa majibu matatu, na kila anayejibu atakuapia kuwa lake ndilo.

Jiwe lenyewe ni aina ya zoisaiti, madini yaliyojulikana kwa wataalamu wa Ulaya tangu mwaka 1805. Zoisaiti za kawaida ni za kijivu, kahawia au kijani, na hakuna aliyezitamani kwa pete. Ya Mirerani ina chembe za vanadiamu, na hizo ndizo zinazoipa rangi. Jiwe hilo hadi leo linachimbwa kibiashara mahali pamoja tu duniani: ukanda mwembamba wa vilima wenye urefu wa takriban kilomita saba na upana wa kilomita mbili, wilayani Simanjiro, mkoa wa Manyara, si mbali na Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Matangazo ya ng'ambo hupenda kusema linatoka chini ya Mlima Kilimanjaro. Mlima unaonekana kweli siku za mbingu safi, lakini vumbi linalowaganda wachimbaji ni la Simanjiro.

Kuna hekaya inayopendwa na wauza vito kwamba radi iliwasha moto nyikani, mawe ya kahawia yakageuka buluu, na wafugaji wa Kimasai wakayaona walipopita na ng'ombe. Inavutia, na haikosi chembe ya ukweli, kwa kuwa tanzanite nyingi hutoka ardhini zikiwa na ukahawia, na ni moto unaozigeuza. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwenye tanuri, kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi. Ila hekaya ina uovu wake: imewafanya wengi waridhike kwamba jiwe halikugunduliwa na mtu, liligunduliwa na radi.

Wapo watu, na majina yao yapo. Jumanne Mhero Ngoma, mtu wa Same, alieleza maisha yake yote kwamba Januari 1967 ndipo alipoyaona mawe hayo yamelala juu ya ardhi huko Mirerani, akayaokota, na hatimaye yakafika kwenye maabara ya serikali Dodoma ili yatambuliwe. Hakuwa na kampuni, mtaji, wala wakili wa kumwandikia barua.

Miezi michache baadaye, Julai mwaka huohuo, anaingia Manuel de Souza. Huyu alikuwa fundi cherehani wa Arusha, mzaliwa wa Goa, aliyetumia muda wake wa ziada kutafuta madini porini. Aliyaona mawe, akadhani ni aina nyingine ya kito, akadhani tena vingine, lakini alifanya jambo moja ambalo Ngoma hakulifanya: alikwenda kusajili eneo. Makaratasi yakawa na jina lake. Jina la tatu ni la Mmasai aitwaye Ali Juyawatu, anayetajwa katika baadhi ya simulizi kuwa ndiye aliyeokota jiwe la kwanza. Hakuacha karatasi, hivyo ametajwa kwa sentensi moja moja tu.

De Souza alifariki mwaka 1969 kwa ajali ya gari, kabla hajaonja sawasawa matunda ya jiwe lile. Watu wa familia yake wameendelea kumtetea, nao wana hoja: aliyesajili ndiye aliyeyapeleka mawe sokoni. Lakini kusajili si kugundua. Mwaka 1967 ofisi ya kusajili madini ilikuwa jirani zaidi na mfanyabiashara wa Arusha kuliko ilivyokuwa kwa mwananchi mwenye mfuko wa mawe mkononi, na ni ukaribu huo uliowapa waandishi wa vitabu vya vito jina la kuandika. Miaka ya 1980 serikali ilimpa Ngoma hati ya kumtambua. Baada ya hapo yakaja majira marefu ya ukimya, jiwe likiuzwa kwa mamilioni ya dola huku mwenye hati akiishi maisha ya kawaida kabisa.

Ukimya huo ulivunjwa Aprili 6, 2018. Siku hiyo Rais John Magufuli alikuwa Mirerani kuzindua ukuta wa kilomita 24.5 uliojengwa na jeshi kuzunguka machimbo ili kuzuia utoroshaji. Ngoma, mzee tayari na mgonjwa, alitambulishwa mbele ya umma kuwa ndiye mgunduzi wa tanzanite, na Rais akaahidi apewe shilingi milioni 100. Alifariki Januari 2019, hata mwaka haujapita. Miaka 51 tangu aokote mawe yale, taifa lilimpa mgunduzi wake miezi tisa ya heshima.

Jiwe lenyewe halikumsubiri. Baadhi ya sampuli zilipitia kwa John Saul, mwanajiolojia aliyekuwa Nairobi, akazituma kwa baba yake New York, na kutoka hapo zikafikia wataalamu wa Marekani na kampuni ya Tiffany. Henry Platt, mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo na mtu wa ukoo wake, aliona jina la kitaalamu halitauza kitu, akalibatiza tanzanite kwa heshima ya nchi. Mwaka 1968 Tiffany wakalitangaza kwa madaha kuwa ni jiwe linalopatikana sehemu mbili tu: Tanzania na kwao dukani. Kwa biashara ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa. Nchi ilitajwa, mtu hakutajwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1971 machimbo yalitaifishwa. Mwaka 1990 eneo liligawanywa vitalu vinne, A hadi D, na Kitalu C kikaishia mikononi mwa wawekezaji wakubwa huku wachimbaji wadogo, wanaapolo, wakibanana pembeni. Mafuriko ya 1998, na tena ya 2008, yaliua makumi ya wachimbaji mashimoni. Watoto walioitwa nyoka, kwa kuwa miili yao midogo ilipenya palipowashinda wakubwa, walitambaa humo kwa miaka mingi. Novemba 2001 gazeti moja la Marekani liliihusisha biashara ya tanzanite na ugaidi, Tiffany wakasimamisha mauzo na bei ikaporomoka. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa huko wakaliweka jiwe miongoni mwa vito vya waliozaliwa Desemba. Juni 2020 Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili makubwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, na dunia ikamsikia mchimbaji wa Mirerani akitajwa kwa jina lake.

Linaloniuma ni kwamba sisi wenyewe hatulivai. Nenda harusini Tanga au Dar es Salaam, utaona dhahabu kifundoni, masikioni na shingoni, mara nyingine almasi ndogo, na tanzanite ni kwa nadra. Wengi wetu hatujui hata kulichagua, na ujuzi huo si mgumu.

Mwombe sonara anayejua kazi yake akuoneshe jiwe moja lililokatwa. Atalishika kwa kibano, atasogea dirishani, ataligeuza polepole. Upande huu buluu iliyoiva, upande ule zambarau, na likiwa halijachomwa sawasawa utaona wekundu au ukahawia upande wa tatu. Sasa mwambie alipeleke chini ya balbu ya manjano: zambarau itazidi. Kioo kilichotiwa rangi hakifanyi hivyo, kinabaki na buluu moja popote ukigeuze. Ziko bandia za maabara zinazojaribu, na kwa hizo ndipo cheti cha maabara kinapohitajika.

Kuchomwa kusikutishe, karibu zote zimechomwa na rangi haitoki. Tazama kwanza uzito wa rangi, kisha usafi wa ndani, mwisho ndiyo karati, ambayo ni gramu 0.2. Jiwe dogo lililokolea linapendeza kuliko kubwa lililopauka. Ugumu wake hauzidi 7, wakati almasi ni 10, kwa hiyo linafaa zaidi kwa hereni na kidani. Ukilitaka la pete, lizungushiwe ukingo wa dhahabu, na uivue kabla ya kuosha vyombo. Lisafishe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Mashine za mtetemo wanazotumia maduka mengine zinaweza kulipasua.

Ukinunua Arusha au Mirerani, dai risiti na hati ya asili. Mawe mengi yalikatwa Jaipur, India, kwa miongo kadhaa, na ukataji wa hapa nchini utakua iwapo tu wanunuzi wataudai. Kwa sherehe za 2027 ningependa Wizara ya Madini ifanye jambo dogo lisilo na gharama: kila hati ya asili ya tanzanite inayotoka Tanzania ichapwe maneno Mirerani, Simanjiro, na chini yake jina la Jumanne Mhero Ngoma.